Kabla ya kusoma lebo, fuata maji yanakokwenda

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Kigamboni, Dar es Salaam, na mume wangu, watoto na mama mkwe. Maji ya kufulia na kuoshea tunachota kisima cha uani, yana chumvi kidogo. Ya kunywa tunanunua. Choo na bafu vyote vinaingia kwenye karo moja nyuma ya nyumba. Binti yangu mkubwa amerudi kutoka chuo na anataka tuache sabuni ya unga, jiki, dawa ya choo, shampuu, karibu kila kitu, tununue bidhaa za "asili" zinazotunza mazingira. Nilipoziona bei nilicheka. Chupa moja ya sabuni ya vyombo yenye picha ya jani inanunua dumu zima la sabuni ya maji ya jirani yetu. Je, hizo bidhaa zina tofauti ya kweli? Kama siwezi kubadilisha vyote, nianze na kipi? Na hivi vilivyomo ndani nivifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Binti yako ana hoja, na umpe haki yake. Ila yeye ameanzia dukani, mimi ningeanzia nyuma ya nyumba, pale kwenye karo. Orodha nyingi za bidhaa rafiki wa mazingira zinazosambaa mtandaoni zimeandikwa Ulaya na Marekani, na watu ambao maji yao machafu huingia bombani, yakaenda mtamboni, yakasafishwa, ndipo yakamwagwa mtoni. Ushauri wao mkubwa kuhusu kufua ni kupunguza joto la maji kwenye mashine, kwa kuwa umeme wa kupasha maji ndio unaobeba sehemu kubwa ya madhara. Wewe kama unafua kwa mikono na maji ya baridi, hilo umeshalimaliza bila hata kununua kitu. Kwako linalobaki ni hili: ukimwaga beseni, maji yale yanaishia wapi?

Kigamboni ni mchanga. Maji ya karo hupenya chini na pembeni, tena upesi kuliko ambavyo yangepenya kwenye mfinyanzi, na safari yake huishia kwenye maji yale yale yanayolisha visima. Kwa hiyo niseme jambo ambalo hukuuliza. Hatari kubwa kwa kisima chako ni kinyesi, sabuni inafuata nyuma sana. Umbali unaopendekezwa kwa kawaida kati ya choo na kisima ni mita 30 au zaidi, na karo la jirani nalo linahesabika. Pima. Kama ni karibu kuliko hapo, hakuna sabuni ya jani itakayokuokoa. Mmefanya vyema kununua maji ya kunywa, lakini kusukutua, kupiga mswaki na kuosha kachumbari kwa maji ya kisima nako ni kunywa. Maji ya kazi hizo yachemsheni au myatibu kwa klorini.

Sasa twende kwenye cha kuanza nacho. Hukukitaja, nami nakitaja kwa sababu kipo kwenye nyumba nyingi: mkorogo. Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi ndicho kitu pekee katika bafu la Mtanzania ambacho ningekiondoa leo bila kuuliza bei ya mbadala wake. Baadhi zina zebaki. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni za namna hiyo huwa na kati ya 1% na 3% ya ayodaidi ya zebaki. Zebaki huharibu figo, hupita kwa mama mjamzito ikamfikia mtoto, na inayosuuzwa mwilini huingia kwenye maji taka. Haiozi. Ikifika baharini au ziwani vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine mbaya zaidi, inaingia kwa samaki, na samaki anarudi mezani. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliwasumisha wavuvi na familia zao. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome ifikapo 2025. Sokoni, bila shaka, havijasikia habari hiyo. Angalia kopo: ukikuta maneno kama "mercury", "mercurio", "calomel", au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu, hilo onyo ndilo linalokwambia kilichomo. Kopo lisilo na orodha yoyote ya viambato lihesabu kuwa na hatia. Kama ni mama mkwe anayetumia, zungumza naye taratibu, na mada iwe figo zake. Mazingira atayasikia baadaye.

Tuje kwa sabuni ya maji ya jirani, ambayo binti anaidharau na mimi naiheshimu nusu. Faida zake ni za kweli: dumu linarudi kujazwa, hakuna chupa mpya, hakuna lori lililobeba maji kutoka nchi nyingine. Sabuni ya vyombo, hata ile ya jani, sehemu yake kubwa ni maji. Na ndani ya dumu la jirani kuna nini? Kwa kawaida ni salfoniki asidi, "sless", soda ash, chumvi, gliserini, rangi, pafyumu, na formalini ili isioze. Viambato viwili vya kwanza ndivyo vinavyosafisha, na ndivyo hivyo hivyo vilivyomo kwenye chupa nyingi za dukani, ziwe na jani au zisiwe nalo.

Mashaka yangu yako kwenye formalini. Ni maji yenye gesi ya formaldehaidi, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ikishachanganyika na maji mengi, bakteria wa karo na udongo huivunja upesi, kwa hiyo anayeumia kwanza ni jirani yako anayeivuta puani kila anapokoroga. Mshawishi aiache. Atakwambia sabuni itaoza, na hasemi uongo. Basi akoroge kidogo kidogo, inayokwisha ndani ya wiki mbili hivi. Ikianza kunuka au kubadilika rangi, imekwisha. Akitaka ikae, sodiamu benzoati inayotumiwa kwenye juisi itamsaidia, lakini mpaka sabuni itiwe uchachu kidogo kwa asidi ya sitriki, la sivyo haifanyi kazi. Rangi haisafishi chochote. Pafyumu nayo aipunguze, kwani ndiyo inayowasha ngozi za watu wengi. Jambo jingine muhimu: salfoniki asidi isipoondolewa ukali wake sawasawa kwa soda ash, sabuni inachubua mikono. Karatasi za kupimia asidi zinauzwa maduka ya vifaa vya maabara, hazina gharama kubwa, na mtu anayeuza sabuni mtaa mzima hana sababu ya kutokuwa nazo. Na tafadhali, isikae kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyoandikwa kitu. Watoto hufikishwa hospitali kwa makosa ya chupa.

Povu. Hapa ndipo pesa nyingi zinapomwagwa. Watu wetu huamini povu, na viwanda vinatupa tunachokipenda, lakini povu si kipimo cha usafi; kinachotoa uchafu ni muda wa kuloweka, dawa iliyomo majini na mikono yako. Loweka usiku kucha kwa nusu ya sabuni uliyozoea, uone kama kuna tofauti. Suuza moja itapungua, na kwa mtu anayechota kisimani suuza moja ni ndoo mbili tatu. Kupunguza kipimo kunasaidia karo kuliko kubadilisha chapa.

Kilichomo kwenye sabuni ya unga ni hasa ndugu wa ile salfoniki asidi. Zile za mwanzo, baada ya Vita Kuu ya Pili, zilikuwa na molekuli za umbo lenye matawi ambalo bakteria hawakuweza kulitafuna, mito ya Ujerumani, Uingereza na Marekani ikafunikwa na povu. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, viwanda vikahamia umbo lililonyooka, na ndilo tulilonalo leo. Hilo huvunjika vizuri palipo na hewa, na huvunjika kwa shida pasipo na hewa. Ndani ya karo hakuna hewa. Juu ya udongo, kwenye mizizi ya mgomba, ipo. Kwa hiyo maji ya kufulia, mama, yasiingie karoni kabisa. Nitarudi hapo.

Kuna pia fosfeti, zilizokuwa zikitiwa kwenye sabuni ya unga ili kulainisha maji. Ni mbolea. Zikiingia kwenye maji yasiyo na chumvi yaliyotulia, kama ya ziwa, hustawisha mwani na magugu, na Umoja wa Ulaya uliziwekea kikomo kikali kwenye sabuni za kufulia tangu 2013. Ungekuwa unaishi Mwanza, Kisumu au Entebbe ningekushikilia hapa, ingawa hata huko mashamba na maji taka yana sehemu kubwa zaidi kuliko beseni la mama. Kwa pwani, ambako naitrojeni ndiyo kwa kawaida inayostawisha mwani baharini, ukipata unga ulioandikwa hauna fosfeti chukua, usipoupata usikose usingizi.

Kipande cha sabuni ya kawaida, ile ya mche, ndiyo chaguo langu kwa sehemu kubwa ya kazi. Ni mafuta na magadi makali, basi. Bakteria huila upesi, na huuzwa ikiwa uchi au kwenye karatasi. Lawama yake iko kwingine: nyingi hutengenezwa kwa mawese ya Malaysia na Indonesia, ambako misitu imekatwa ili kupanda michikichi, na ukiipata ya mawese ya Kigoma umepunguza safari ya meli. Kwako kuna tatizo la pili. Maji ya kisima chako yana chumvi, na visima vya pwani mara nyingi vina chokaa pia. Sabuni ya kawaida hukataa kutoa povu humo, inabaki utando mweupe kwenye nguo. Kuna dawa mbili. Ya kwanza, tia kijiko cha magadi au soda ash kwenye ndoo kabla ya sabuni, uache chokaa kitulie chini, ndipo ufue. Magadi yetu ya maziwa ya Bonde la Ufa hufanya kazi hiyo vizuri (kwenye makande kuwa na kiasi, yana floraidi nyingi). Ya pili, tafuta sabuni ya mafuta ya nazi. Hiyo hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Mabaharia waliogea nayo maji ya bahari. Wanaotengeneza sabuni ya mwani kule Paje, Unguja, hutumia mafuta hayo hayo, lakini bei zake zimepangwa kwa mtalii. Sabuni ya nazi isiyo na mbwembwe itakufaa vile vile.

Jiki usiitupe. Hili nalisisitiza kwa binti, maana najua ndiyo aliyoianza. Mtu akiharisha nyumbani, au kipindupindu kikiingia mtaani, klorini ni rafiki yako wa kwanza, na ikikutana na uchafu hugeuka sehemu kubwa kuwa chumvi. Kosa ni kuimwaga chooni kila asubuhi kwa ajili ya harufu. Bakteria wa karo ndio wanaokula kinyesi chenu. Ukiwaua kila siku karo linajaa mapema na gari la kunyonya linakuja mapema. Choo cha kila siku kinataka brashi, sabuni na maji. Madoa ya chokaa kwenye sinki yanataka asidi, na ndimu, ukwaju au siki itayatoa polepole bila kukuunguza kama zile dawa kali za choo. Ila kamwe usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki, wala na ndimu. Inatoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, na bafu lako pengine halina dirisha la maana. Na mkojo uliokaa ukikutana na jiki hutoa gesi nyingine isiyofaa pua ya mtu, kwa hiyo mwaga maji kwanza.

Vile vidonge vyeupe vya harufu vinavyoning'inizwa chooni na kuwekwa kabatini, naftalini na jamaa zake, vitoe. Havisafishi. Naftalini huvunja damu ya watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao ni wa kawaida kwenye nchi zenye malaria, na nguo za kichanga zilizohifadhiwa na vidonge hivyo zimewahi kuleta manjano na hata vifo. Karafuu ndani ya kitambaa inatosha kabati. Harufu nyumbani iingie kwa dirisha, au asumini. Udi sikukatazi, mimi mwenyewe nautia, ila moshi ni moshi. Koili moja ya mbu, kwa utafiti wa mwaka 2003, hutoa vumbi laini sawa na la sigara 75 hadi 137. Chandarua.

Mitandaoni binti atakuwa ameona siki ikichanganywa na soda ya kuokea, povu linapanda, watu wanapiga makofi. Asidi na magadi vimeuana hapo, kilichobaki karibu ni maji matupu. Tumia kimoja, kisha kingine siku nyingine kwa kazi yake: soda kwa mafuta, siki kwa chokaa. Majivu ya mkaa na kumbi la nazi vinasugua sufuria kama kawaida. Dodoki badala ya sponji ya plastiki, ambayo kila siku inakatika vipande vinavyokwenda na maji. Dodoki likichakaa linaoza.

Kwa mwili nitakuwa mfupi. Sabuni "za kuua vijidudu" hazina faida juu ya sabuni ya kawaida katika kunawa nyumbani. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliziondolea viambato 19, triklosani ikiwemo, kwa sababu viwanda havikuweza kuonyesha kwamba ni salama na bora. Skabu zenye chembe za plastiki (tafuta neno "polyethylene") acha. Liwa na unga wa mchele vipo. Mswaki wa mti ni mzuri kama ilivyokuwa siku zote, ingawa dawa ya meno yenye floraidi ningeibakiza kwa watoto. Shampuu ya aina yoyote inayowafaa, nusu ya kipimo. Nepi na pedi za kutupa ni mzigo mkubwa kuliko vyote hivi kwa ujazo, hazina pa kwenda, na zikiingia karoni huziba. Kama kuna mtoto mchanga, khanga chakavu mchana na ya dukani usiku ni mapatano mazuri.

Na neno "asili" lisimfumbe macho. Wanja mwingine wa mawe ni madini ya risasi, metali yenye sumu, na huo hupakwa vichanga machoni. Piko inayoitwa hina nyeusi ina kemikali ya rangi ya nywele inayochoma ngozi malengelenge, na mtu anaweza kubaki na mzio huo maisha yake yote. Ndimu ukijipaka ukatoka juani inaacha madoa na kuunguza. Vyote hivyo vina sura ya asili kuliko kipande cha sabuni ya mche.

Jani kwenye chupa halina sheria nyuma yake. "Bila kemikali" ni uongo, maji yenyewe ni kemikali. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia pia vipodozi, inakwambia bidhaa imefikia kiwango cha ubora. Haisemi kwamba ni rafiki wa samaki, lakini bila hiyo usinunue krimu. "Inaoza kiasili" ina maana pale tu kiwanda kinapotaja kipimo. Kipimo cha maabara kinachotumika sana hutaka angalau 60% ya kitu ivunjike ndani ya siku 28. Alama za mazingira za kuaminika zipo, kama ile ya ua ya Umoja wa Ulaya iliyoanza 1992 na ile ya malaika wa buluu ya Wajerumani ya 1978. Kwetu utaziona kwenye bidhaa za nje zenye bei ile uliyoicheka. Mimi nisingelipa. Tofauti yake na sabuni ya kawaida iliyopimwa kwa kiasi ni ndogo, hasa kwenye vyombo.

Narudi kwenye maji ya kufulia. Yatenge na karo. Beseni la kwanza lenye uchafu na sabuni nyingi limwage kwenye shimo fupi lenye kokoto na mchanga, mbali na kisima, upande ambao maji hayateremki kukielekea. Maji ya suuza mpe mgomba na mpapai, ukibadilisha mahali kila siku, kwa sababu sabuni huacha sodiamu na mimea haiipendi. Mchanga wa Kigamboni unavumilia kuliko mfinyanzi. Usimwagie mboga mnazokula mbichi. Siku mliyotumia jiki, yasiende kwenye mimea.

Na vilivyomo ndani, binti asivimwage. Kumwaga chupa kumi kwenye karo siku moja ni kufanya kwa mkupuo ubaya uliokuwa ugawanyike mwaka mzima. Sabuni, shampuu na jiki tumieni mpaka ziishe, kwa kipimo kidogo. Chupa ya jiki ikiisha isuuzwe vizuri na isigeuzwe ya maji ya kunywa. Vidonge vya naftalini fungeni kwenye mfuko vikae nje ya nyumba. Krimu ya zebaki, kama ipo, msiichome, kwani mvuke wake ni mbaya kuliko krimu, wala msiitupe chooni. Ifungeni mifuko miwili, iandikwe kilichomo, apelekewe afisa afya wa kata, na kama atasema hajui pa kuipeleka, akaulize manispaa.